Kuku Waliobaki Hai

"Afande, kuku wamepewa maji?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mtuhumiwa. Sajenti Ikupa alivuta kiti, akakaa, akaliweka daftari juu ya goti. Mbele yake, kwenye benchi la chumba cha mahojiano, Ferista alikuwa amejitanda kitenge cha jana chenye madoa ya damu. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka na kuvimba. Vijana wa mtaa walimfikia kabla ya polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamepewa maji?"

"Kuku gani?"

"Wa Mama Violet. Wale ni kuku wa kufungiwa, mwanangu. Hawana njia ya kwenda kujitafutia. Binadamu asipowafikia, wanakufa huku wanatazama mlango."

Mama Violet mwenyewe, Tulinagwe kwa jina la ubatizo, mjane wa miaka sitini na minne, alikutwa jana Jumanne asubuhi amekufa kitandani mwake, mlango umekomewa kwa ndani. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa umeshaamua aliyemuua ni nani.

"Ulisema atakufa na kuku wake," Ikupa alianza.

"Nilisema. Mwezi wa tatu. Walikuwa wamenimalizia tuta zima la chainizi, nami nilikuwa nimeshaahidi wanunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mdomo wangu ni mbaya, hata kanisani wanaujua."

"Halafu?"

"Halafu akawafungia, kama nilivyomwambia. Akaitoa stoo yake kuwa banda. Hakuita fundi, nikamwona yeye mwenyewe anapigilia misumari, mwanamke wa umri ule, mpaka nikaona haya."

"Ukafanya nini?"

"Nikampelekea nyundo. Yake ilikuwa imelegea mpini."

Ikupa aliandika. Nje, malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka mpaka yalikuwa yakinguruma bila kusogea.

"Na majani? Mtu amekuona juzi jioni unatia majani bandani."

"Juzi tu? Basi huyo aliyeniona ni mgeni. Kila jioni natia! Kuku wa kufungiwa hapati majani. Asipopata majani anamgeukia mwenzake, anamng'oa manyoya, anakula mpaka mayai yake. Nafunga fungu la figiri kwa kamba, naning'iniza juu kidogo, waruke waruke, wapate kazi. Fungu la pili namwachia mwenyewe la mboga."

"Kwa nini mtaa haukujua kwamba mmepatana?"

Ferista alifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akaitazama damu. "Tuligombania barabarani, afande. Tukapatana uani. Nani anakuja kuchungulia uani watu wanapopatana?"

"Juzi alikuwaje?"

"Aliamka na kichwa. Kifua kimembana, kichefuchefu. Akasema ni vumbi la pumba. Nikamwambia twende hospitali, akasema kesho."

*Kichwa na kifua, tangu Jumatatu asubuhi*, Ikupa aliandika, akapiga mstari chini yake.

"Mama, kuna kitu kingine chochote kilichobadilika kwake wiki hii?"

"Hakuna. Jumapili alikuwa na furaha tu. Alipokea mzigo kutoka kwa binti yake."

Afande Zabron, mkuu wa upelelezi, hakutaka hata kukaa. Alimsikiliza Ikupa akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Alitishia kuua. Akaonekana na majani. Daktari amekuta ugali na figiri tumboni mwa marehemu. Unataka malaika ashuke akusomee, Sajenti?"

"Kuku wamekula figiri hiyohiyo, afande. Jana niliwaona, wazima wote."

"Na vifaranga waliokuwa chumbani? Watatu, wamekufa ndani ya boksi. Wewe mwenyewe uliwaandika."

"Ndiyo maana nataka kurudi eneo la tukio."

Zabron alitazama saa. "Mazishi ni saa nane. Wakishazika, vijana watakwenda kuichoma nyumba ya huyu mama. Saa tisa jalada linakwenda kwa wakili wa serikali, kosa la mauaji. Nataka liwe na jina la mtu."

Kesi ya mauaji haina dhamana. Ikupa alimjua mwanamume aliyeingia mahabusu na nywele nyeusi, akatoka miaka sita baadaye, bila hatia, kichwa cheupe kama pamba. Ferista alikuwa na miaka hamsini na minane.

Msibani watu walikuwa wengi. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya umeme. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini mikekani, moshi wa masufuria ukizunguka kwa kukosa pa kwenda katika baridi ile ya Juni. Katikati ya wanawake alikaa Violet, mtoto pekee wa marehemu, aliyeolewa Isansa kwenye mashamba ya Mbozi. Sauti ilikuwa imemkauka. Alipomwona Ikupa alinyanyua mkono mmoja.

"Mmemnyonga yule muuaji?"

"Pole sana, dada," Ikupa alisema, akapita.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Yonathani, alimfuata uani. Alikuwa mwembamba, koti kubwa kuliko yeye. Kabla ya uenyekiti alikuwa amelinda maghala ya nafaka miaka ishirini.

Banda lilikuwa stoo kweli. Rafu za ukutani zilikuwa zimegeuzwa viota vya kutagia. Dirisha lilipanuliwa na kuzibwa kwa wavu. Sakafuni kulikuwa na maranda makavu, pembeni beseni la majivu ya kuogea, na dumu lililokatwa ubavu kwa ajili ya maji. Halikuwa na tone. Fito mbili zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya moja ilining'inia kamba yenye vikonyo vitupu vya figiri. Majani yote yalikuwa yamekwisha.

Kuku walimkimbilia Ikupa wakiangalia mikono yake. Alihesabu: kumi na moja. Akajaza dumu kwanza, ndipo akamkamata jike mmoja, akampapasa kifuko cha chakula shingoni, akamfunua jicho. Jicho lilikuwa safi, angavu. Akamwachia.

"Nao unawahoji, Sajenti?" Yonathani aliuliza.

"Mzee, hawa ndio waliokula mboga moja na marehemu. Nikiwaruka hawa nimhoji nani?"

"Haya. Wamesemaje?"

"Wamesema hawana malalamiko."

Mzee alitaka kucheka, akakumbuka yuko msibani, akakohoa.

Ikupa alikata utepe wa polisi, akasukuma mlango wa chumba uliovunjwa komeo jana. Jana waliingia watu sita kwa pamoja, mlango wazi, kila mtu akimtazama marehemu. Hakuna aliyetazama chumba. Leo hapakuwa na wa kumtazama. Kilikuwa chumba kidogo. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa nguo kuukuu kila upenyo, kama wafanyavyo watu wote wa Tunduma msimu wa baridi. Harufu ilimpokea: kama kitunguu saumu kilichochanganyika na samaki aliyeoza.

Alichuchumaa, akawasha tochi. Vifaranga watatu walikuwa bado boksini, miguu juu. Walikuwa wale wanyonge waliokuwa wakidonolewa na wenzao, wakaletwa ndani wapate joto. Mbele yao kulikuwa na unga wa pumba tu. Hapakuwa na jani. Chini ya kitanda, mende sita chali. Penye pembe ya ukuta, mjusi. Nyuma ya mlango, panya aliyekufa hatua mbili kutoka shimoni kwake.

Panya hakupelekewa figiri na Ferista. Mjusi hali ugali.

Waliokuwa nje walikula majani wakaishi. Waliokuwa ndani hawakuyala, wakafa. Ikupa aliyaandika hayo mawili mstari mmoja juu ya mwingine. Kichwa kilianza kumgonga.

Alimulika upande wa kichwani pa kitanda. Gunia la mahindi, limesimamishwa ukutani, karibu na mto kiasi cha mtu kuweza kuliegemea. Juu ya gunia kulikuwa na masinia mawili yenye mahindi yaliyooteshwa, mizizi imefumana kama mkeka, majani mabichi ya urefu wa kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa mboga nyingine ya kuku wasiotoka: unaloweka punje, unazinyunyizia maji asubuhi na jioni, baada ya siku saba unawapa. Maji yalikuwa yamechuruzika kutoka masiniani yakalilowesha gunia hadi katikati. Pembeni, redio ndogo ilikuwa imeunganishwa kwa nyaya zilizochunwa. Shaba iliyokuwa wazi ilikuwa nyeusi tii.

"Mwenyekiti," Ikupa aliita, "hebu njoo unitazamie waya huu."

Yonathani aliingiza kichwa tu. Alinusa mara moja. Kisha mzee yule mwembamba alimdaka Ikupa mkono kwa nguvu zisizomfaa umri wake.

"Toka! Toka nje, mwanangu, toka!"

Walifika ukutani kwa banda ndipo akamwachia.

"Nimelala kwenye milango ya maghala miaka ishirini. Harufu hiyo hata nikifa nitaijua. Hivyo ni vidonge. Vidonge vya mahindi."

"Vya kuua dumuzi wa nafaka?"

"Vya gesi. Unavitia ghalani, unafunga, unaondoka, hakuna anayeingia mpaka siku zipite. Dumuzi anakufa, panya anakufa. Vikipata unyevu vinakuwa vikali. Gesi ya ghala letu ilikuwa inaua hata taa. Waya wa shaba unageuka mweusi kama mkaa, kama huo uliokuwa unanionyesha." Akakitazama chumba. "Mtu halali navyo. Mtu hawezi kulala navyo!"

Walifungua dirisha kwa nje kwa mti mrefu, wakaacha upepo upite zaidi ya nusu saa. Ndipo Yonathani, kitambaa kimefungwa puani, akaliburuta gunia hadi uani. Ikupa alipiga picha, akakata uzi, akaingiza mkono uliovaa glavu. Karibu na kitako aligusa fundo. Kitambaa cheupe, kimefungwa kwa uzi vizuri, na ndani yake majivu laini ya kijivu, kiasi cha kujaza kijiko.

"Yameshafanya kazi yake hayo," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Marehemu alikuwa akiweka wapi magunia zamani?"

"Stooni."

Wote wawili waligeuka. Kutoka stooni, kuku kumi na moja waliwatazama kupitia wavu.

Dokta Andongwisye, aliyempasua marehemu, alipokea simu mara ya pili. Ikupa alimweleza.

"Mapafu yalijaa maji. Nilishangaa, maana tumboni sikuona dalili ya sumu. Andika kwamba nimesema inaafikiana na gesi hiyo. Uthibitisho utatoka maabara, lakini mimi nisingemfunga mtu kwa figiri."

Saa saba na robo. Ikupa alimwita Violet pembeni, nyuma ya jiko la nje, akamkalisha kwenye kigoda. Gunia alikuwa amelifunika.

"Dada, nakuuliza machache, unijibu kama yalivyo."

"Uliza. Lakini mtu mnaye tayari."

"Mama alikuwa akilishaje kuku?"

"Kwa mahindi yangu mimi." Aliinua kidevu. "Tangu awafungie hawapati kitu nje, kila punje lazima itoke mkononi. Pumba anakoroga na dagaa, mahindi mengine anaotesha. Nilimfundisha mimi kwa simu kuotesha. Mahindi nayatuma kila mwezi kwa gari la Mbozi. La mwisho limefika Jumapili."

"Yale ya mwezi uliopita yalikuwaje?"

"Aibu tupu. Yalitobolewa na dumuzi, nusu ni vumbi. Hakunilaumu, lakini nilisikia kwenye sauti. Wewe una mzazi? Huwezi kumtumia mzazi mahindi yanayotoboka. Safari hii nikamwekea na dawa kabisa. Vidonge vitatu, nikavifunga kwenye kitambaa ili visichanganyike na punje, nikavizamisha chini. Kama ninavyofanya langu la ghalani. Nilimwambia: mama, liweke stooni, usilifungue mpaka wiki ijayo."

"Akasema nini?"

"Akasema ndiyo."

Ikupa aligeuza ukurasa.

"Mara ya mwisho kuja hapa ilikuwa lini, dada?"

"Krismasi. Shamba, watoto... Krismasi."

"Stoo ilikuwa wapi?"

"Si ile pale." Violet alinyoosha mkono bila kutazama, kisha akatazama. Jogoo alikuwa amepanda juu ya rafu. Mkono ulibaki umenyooka. "Aliniambia amewajengea. Alisema sasa wanalala vizuri. Nilifurahi. Sikumwuliza wanalala wapi."

"Gunia tumelikuta kichwani pa kitanda. Masinia ya kuoteshea yalikuwa juu yake, maji yamelowesha."

Violet hakulia. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena upande wa pili.

"Angesema," alinong'ona. "Angeniambia mwanangu, sina stoo. Kwa nini hakusema?"

"Pengine alihofu ungeacha kutuma."

"Mayo! Mama yangu!" Sauti ilimtoka kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Nitafungwa?"

"Hilo wataamua wakubwa. Mimi nitaandika kilichotokea, na kilichotokea ni ajali. Lakini kuna mtu mahabusu tangu jana kwa jambo asilolifanya, na nje kuna vijana wanaosubiri jeneza liinuke wakachome nyumba yake."

"Si uwaambie! Wewe ndiye polisi!"

Yonathani, aliyekuwa amesimama kando akiwa amevua kofia, alisogea. "Akisimama yeye watasema amehongwa, mama. Unajua kwetu. Habari za kuugua kwa marehemu husemwa na damu yake, mbele ya jeneza. Likishasemwa hapo, hakuna wa kulipinga."

"Unataka nisimame mbele ya mama yangu niseme nimemuua?"

"Sijalitamka neno hilo," Ikupa alisema. "Sema ulichofanya. Usiongeze."

Kutoka turubaini kwaya ilikuwa imeanza kupanga sauti.

"Nani alimpasua mdomo mama mdogo?" aliuliza ghafla. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita Ferista tangu utotoni mpaka jana. "Niliambiwa wamempiga."

"Vijana wa hapa."

"Mimi ndiye niliyewaambia kwa simu wampige." Alisimama. "Mlete."

Ikupa alimpigia Zabron. Alisoma mambo yote kwa mpangilio: kuku, vifaranga, panya, waya, fundo la kitambaa, daktari, kauli ya binti.

"Kwa hiyo hatuna muuaji," Zabron alisema.

"Hatuna, afande."

"Namleta mwenyewe."

Saa nane jeneza lilitolewa likawekwa juu ya stuli mbili mbele ya turubai. Mchungaji aliomba. Wasifu ukasomwa: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, ujane. Ndipo msomaji akakunja karatasi, akasema kwamba habari za kuugua atazieleza mtoto wa marehemu. Vijana waliokuwa ukutani walianza kusogea kuelekea njiani. Mmoja wao, Aliko, mpwa wa marehemu, alikuwa na kidumu chenye mafuta ya taa, hakukificha.

Gari la polisi lilisimama nje ya uzio. Ferista alibaki ndani yake, kioo kimeteremshwa.

Violet alisimama. Hakushika kipaza sauti alichopewa.

"Mama yangu hakuugua," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, ikabidi watu wanyamaze mpaka watoto. "Na hakulishwa kitu na mtu. Nilimtumia mahindi ya kuku. Nikatia vidonge vya gesi, vitatu, kwa mkono huu. Nilidhani yatakaa stooni. Stoo aliwapa kuku. Mahindi akalala nayo."

Mwanamke mmoja mkekani alianza kulia, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Violet," Aliko aliita kutoka nyuma, "wamekutisha? Sema kama wamekutisha!"

"Sijatishwa. Jana nilikwambia uongo juu ya mama mdogo, kaka, na wewe ukaniamini. Leo nakwambia kweli, uniamini vilevile. Weka hicho kidumu chini."

Aliko aliwatazama wenzake. Wenzake walikuwa wanatazama viatu vyao. Kidumu kilikaa mkononi mwake muda mrefu; kisha akakiweka, akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba si chake.

Mchungaji alianzisha wimbo. Hakuna aliyeupokea. Alianza tena, ukafa kwenye mstari wa pili.

Mlango wa gari ulifunguka. Ferista alishuka polepole, kitenge chake kichafu mabegani, akapita katikati ya vijana ambao jana walimwangusha; walimpisha bila kumtazama usoni. Wanawake walijisogeza mikekani wakamfungulia njia. Alipofika mbele hakuligusa jeneza. Alisimama mbele ya Violet.

Violet aliporomoka magotini. "Mama mdogo..."

"Nilimwambia awafungie," Ferista alisema. Hakusema kwa sauti, lakini Ikupa, aliyekuwa karibu, alisikia kila neno. "Mdomo huu ndio uliomwambia awafungie."

Hakumwinua Violet, wala hakumwambia anyamaze. Alijishusha taratibu, goti moja, kisha la pili, mpaka wote wawili wakawa mavumbini. Wanaume wanne, waliokuwa wameanza kuliinua jeneza mchungaji alipoanza wimbo, wakalishusha tena juu ya stuli, wakasimama, wakingoja.